Shajara ya mradi: seleni na DNA, nani anamgusa nani

Siku ya 1

Swali nililokabidhiwa limeandikwa ubaoni kwa mstari mmoja: je, misombo ya seleni huilinda DNA au huikata? Nimelinakili hapa lilivyo, ingawa limeanza kunikera. Limeulizwa kana kwamba seleni ni mtu mmoja mwenye tabia moja.

Misombo niliyo nayo kwenye rafu ni minne. Seleniti ya sodiamu na selenati ya sodiamu ni chumvi. Ndani yake atomu ya seleni imezungukwa na oksijeni. Selenomethionini na selenosistini ni jamaa wa asidi amino ambamo salfa imetoka na seleni ikakalia kiti chake. Kiti kinaitosha, kwa sababu kwenye jedwali la elementi seleni, namba 34, iko chini ya salfa moja kwa moja. Mkemia Msweden Berzelius aliitambua mwaka 1817 akaipa jina la mwezi. Basi, historia inatosha.

Upande wa DNA nitatumia plasmidi pBR322, pete ndogo ya DNA yenye jozi 4,361 za besi, yaani herufi zake. Naipenda kwa sababu haijui kuficha jeraha. Ikiwa nzima hujisokota yenyewe kama kamba iliyozidishwa msokoto, na kwenye jeli, ambamo umeme huivuta DNA, hukimbia mbele. Uzi mmoja ukichanika mahali pamoja tu, msokoto wote hulegea na pete iliyofunguka hubaki nyuma. Nyuzi zote mbili zikikatika mahali pamoja, pete huwa fimbo iliyonyooka na kukaa katikati ya hizo mbili. Kwa hiyo kipimo changu ni kanda tatu tu: ya mbele, ya katikati, ya nyuma.

Siku ya 3

Jeli ya kwanza. Agarosi asilimia 1, njia kumi, yaani sampuli kumi zikikimbia sambamba. Nimeweka plasmidi pamoja na kila msombo peke yake, kuanzia maikromola 1 hadi 1,000, nikaiacha nusu saa kwenye nyuzi 37. Umeme saa moja na nusu, rangi, kisha chumba cha giza.

Njia zote kumi zimefanana. Ukanda mnene mbele, kivuli chembamba nyuma, basi. Njia ya kulinganishia isiyo na seleni kabisa huwezi kuitofautisha na ile yenye maikromola 1,000 za seleniti. Nilifuta kioo cha mashine ya picha nikidhani nimeona vibaya.

Siku ya 4

Nimepima pia ufyonzaji wa mwanga. Kilele cha DNA kwenye nanomita 260 hakijasogea wala kupungua. Hakuna kilichoshikana na kitu.

Ukikaa ukalifikiria, jambo hili halina ajabu. Uti wa DNA umejaa fosfeti zenye chaji hasi. Seleniti nayo katika maji ya kawaida ina chaji hasi, na selenati vilevile. Hasi na hasi husukumana. Tena seleniti haina mkono wa kuchomeka katikati ya besi kama zifanyavyo rangi bapa tunazotumia kuitia DNA mng'ao. Nilitaka kuandika kwenye ripoti ya wiki kwamba seleni haiigusi DNA, nikajizuia. Ndani ya seli seleniti haikai peke yake hata sekunde chache.

Siku ya 8

Leo nimeongeza glutathioni. Ndiyo thioli (molekuli yenye salfa iliyoshika haidrojeni) iliyojaa zaidi kwenye seli, kati ya milimola 1 na 10, kwa hiyo seleniti ikiingia ndani, huyu ndiye mwenyeji wa kwanza kukutana naye.

Kabla ya kugusa plasmidi niliandaa neli moja ya kuonea kwa macho tu: seleniti milimola 1, glutathioni milimola 4, bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya pH 7. Mwanzoni maji meupe. Dakika chache baadaye yakaingia umanjano kama wa chai iliyozidi maji, kisha rangi ya chungwa ikapanda kutoka chini, na nilipoitazama neli dhidi ya karatasi nyeupe, wekundu ulikuwa umeshaijaza, si wa damu, wa tofali lililoloa. Ile nyekundu ni seleni yenyewe, elementi tupu, chembe ndogo mno zinazoelea. Nikaiacha hadi jioni. Zikatua chini kama vumbi.

Hesabu ya 4 kwa 1 si ya kubahatisha. Mkemia Painter aliipendekeza mwaka 1941: thioli nne humpokea seleniti mmoja, mbili zinaungana zenyewe kwa zenyewe, na mbili zinaishika seleni katikati yao. Matokeo ni selenodiglutathioni. Thioli zikizidi, nayo huvunjwa, na seleni hushuka hadi selenidi, ambayo haina subira na oksijeni. Selenidi ikikutana na oksijeni huipa elektroni, oksijeni inageuka superoksidi, seleni inarudi juu, glutathioni inaishusha tena, na gurudumu linazunguka. Seleni kidogo, thioli nyingi, hewa ipo: gurudumu halina sababu ya kusimama.

(Kwa atakayerudia: fanya kazi hii ndani ya kabati la kufyonza hewa chafu. Haidrojeni selenidi ni sumu kali ya mapafu. Mabaki mekundu yana chupa yao, hayaendi kwenye sinki.)

Siku ya 9

Jeli ya pili, na hatimaye kuna habari. Seleniti peke yake: kimya. Glutathioni peke yake: karibu kimya. Zikiwa pamoja: ukanda wa nyuma umenenepa waziwazi na wa mbele umekonda. Pete zimechanika uzi mmoja mmoja.

Nikarudia kwa neli mbili sambamba, moja wazi kwa hewa, nyingine nimeipitishia naitrojeni kwanza. Ya naitrojeni imechanika kidogo sana. Cha kuchekesha ni kwamba hata humo wekundu ulijitokeza, maana sehemu ya seleni hudondoka yenyewe bila kusubiri oksijeni. Kwa hiyo wekundu si kipimo cha uharibifu. Nilikuwa nimeanza kuutumia hivyo kichwani, nimeacha.

Naona seleni hapa haijaikata DNA kwa mkono wake. Imewasha moto, na moto ndio uliounguza. Ila superoksidi, na peroksidi ya hidrojeni inayotokana nayo, zenyewe ni goigoi mbele ya DNA. Ili uzi ukatike haraka namna hii lazima pawe na metali ya kuigeuza peroksidi kuwa radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenzi. Sikuweka metali yoyote, basi imetoka wapi? Kwenye chumvi za bafa na kwenye maji, bila shaka. Chembechembe za chuma na shaba hazialikwi, huja.

Kama ni hivyo, afadhali niziweke mwenyewe kwa kipimo ninachokijua.

Siku ya 13 hadi 17

Siku tano za kutwanga maji kwenye kinu.

Mpango ulikuwa mwepesi: chuma maikromola 2, peroksidi ya hidrojeni maikromola 50, plasmidi, dakika 30. Ni kanuni ya Fenton, ya tangu karne ya 19: chuma cha hali ya 2 hutoa elektroni moja, peroksidi hupasuka, radikali ya haidroksili huzaliwa na kuchana chochote kilicho karibu. Hii ndiyo njia yangu ya uharibifu wa hakika. Bila hiyo siwezi kusema seleni imelinda kitu.

Haikuharibika. Siku ya kwanza nikalaumu peroksidi, nikafungua chupa mpya. Siku ya pili nikalaumu chuma, kwa kuwa hushika kutu ndani ya maji upesi, nikatengeneza kipya dakika ile ile ya kukitumia. Siku ya tatu nikaongeza dozi mara tano. Ukanda wa mbele uko palepale, mnene, umetulia, kama unanicheka.

Siku ya tano fundi wa maabara, mama ambaye ameshika pipeti tangu sijazaliwa, alisimama nyuma yangu akatazama picha.

“Mwanangu, hiyo plasmidi umeihifadhi ndani ya nini?”

“Ndani ya bafa yake ya kawaida, mama. Ile iliyokuja na vifaa vya kuisafishia.”

“Soma kibandiko.”

Nikasoma. Trisi milimola 10, EDTA milimola 1.

Kikulacho ki nguoni mwako. EDTA imewekwa humo makusudi, ishike metali ili DNA isiharibike kwenye friji. Nilipochanganya, hata baada ya kuizimua mara kumi, nilibaki na EDTA maikromola 100 dhidi ya chuma maikromola 2. Chuma chote kilikamatwa na kuwekwa mbali na DNA, kwa kuwa chuma ndani ya EDTA kina chaji hasi na uti wa DNA unakisukuma. Na ile Trisi, kiungo kikuu cha bafa, ambayo ni nyingi zaidi, humeza radikali zinazozaliwa mbali kabla hazijafika. Radikali ya haidroksili haisafiri. Huishi nanosekunde tu. Isipozaliwa jirani na uzi, uzi uko salama.

Nimetumia siku tano kuchunguza kinga ya EDTA na kuiandika kwa jina la bahati mbaya.

Siku ya 20

Plasmidi imetengwa kwa ethanoli, ikakaushwa vizuri (ethanoli iliyobaki nayo humeza radikali), ikayeyushwa kwenye maji yaliyopitishwa kwenye resini ya kunasa metali. Bafa sasa ni MOPS. EDTA imebaki na kazi moja tu: kuizima athari mwishoni, baada ya dakika 30.

Chuma na peroksidi: pete karibu zote zimefunguka. Sijawahi kufurahia uharibifu kiasi hiki.

Nimeandaa pia jozi ya pili, shaba na askobati (vitamini C), kwa sababu seleni ni atomu laini, yaani wingu lake la elektroni huvutika kirahisi, na shaba ya hali ya 1 nayo ni laini, na laini hupenda laini. Shaba vilevile hufanikiwa.

Siku ya 22

Leo ndiyo siku niliyokuwa naisubiri. Selenomethionini ngazi kwa ngazi, kutoka maikromola 1 kwenda juu, kila moja ikikaa dakika tano na shaba kabla ya peroksidi kuingia.

Picha inasomeka kama ngazi kweli. Kushoto ukanda wa nyuma mnene. Kadiri dozi inavyopanda unafifia, na wa mbele unarudi, hadi kulia kabisa njia inakaribia kufanana na ile isiyo na peroksidi. Katika kuhesabu nimezingatia kwamba pete iliyosokotwa hunywa rangi kidogo kuliko iliyofunguka; usiporekebisha utadhani uharibifu ni mkubwa kuliko ulivyo.

Je, selenomethionini imemeza radikali? Hilo ndilo jibu la vitabuni, “seleni ni kizuia oksidisho”, na watu hulikubali bila kuuliza zaidi. Kundi la Julia Brumaghim katika Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, lilionyesha tangu mwaka 2006 kwamba katika jaribio la namna hii kazi inafanyika mapema zaidi: seleni huishika metali yenyewe. Na jaribio lao la kuthibitisha ni zuri kwa wepesi wake, nikalirudia mchana. Unaifunga shaba kwanza kwa bipiridini, mikono yake yote ikiwa imeshikwa, pasibaki pa seleni kukaa. Shaba iliyofungwa hivyo bado inaweza kuichana DNA ukiongeza dozi. Kama selenomethionini ni mmeza radikali, ingepaswa kusaidia hata hapo.

Haikusaidia. Njia zote sita, kiwango kilekile cha uharibifu, kuanzia bila seleni hadi seleni nyingi.

Nimekaa nayo picha hii kwa muda. Siku ya 9 seleni iliwasha moto; leo imeificha njiti ya kiberiti. Msombo tofauti, mwenzi tofauti. Na katika siku zote mbili haijaigusa DNA.

Siku ya 26

Leo nilimtembelea mwenzangu wa chumba cha fuwele, akanionyesha mahali pekee ninapojua ambapo seleni kweli imo ndani ya DNA. Alikuwa na kichupa cha vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa kwa mkono wa kemia, ambavyo oksijeni moja ya kila thaimini (mojawapo ya besi) imebadilishwa kwa seleni. DNA ya kawaida haina rangi. Hii ni ya manjano, kwa sababu besi yenye seleni hufyonza mwanga kwenye nanomita 360 na kitu badala ya 260 peke yake. Atomu moja tu imebadilika, na jicho linaona.

Wanaitengeneza kwa ajili ya eksirei. Seleni ina ukingo wa ufyonzaji kwenye nishati ya keV 12.66, karibu na angstromu 0.98, mawimbi ambayo mashine kubwa za sinkrotroni hutoa bila shida. Ukipima fuwele kwenye ukingo huo na pembeni yake, tofauti inakwambia seleni iko wapi, na kutoka hapo unapata mahali pa atomu nyingine zote. Jozi za besi zinabaki zimeshikana vizuri, maana seleni ni kubwa kuliko oksijeni lakini helikali, yaani msokoto wa nyuzi mbili za DNA, inaivumilia.

Kiumbe hai hakiweki seleni kwenye DNA yake hivyo. Kinachofanya ni kuiandikia nafasi. Herufi tatu TGA, ambazo kwenye jeni nyingi maana yake ni “simama hapa”, kwenye jeni chache husomwa “weka selenosisteini”, mradi ujumbe wa RNA uwe na kifundo maalumu cha kumwelekeza msomaji. Maana hiyo ya pili ya TGA ilijulikana mwaka 1986. Binadamu ana jeni 25 za namna hiyo. Mojawapo ni ya glutathioni peroksidesi, kimeng'enya kinachoigeuza peroksidi kuwa maji, ambacho seleni yake ilitambuliwa mwaka 1973. Huyu ndiye mlinzi mkubwa, naye hulinda DNA akiwa mbali nayo kabisa, kwa kuhakikisha peroksidi haiifikii metali.

Siku ya 27

Jamaa mmoja aliyesikia ninachofanya ameniuliza kama anywe vidonge vya seleni “kulinda jeni”. Nimemwambia kuhusu jaribio la SELECT: wanaume 35,533, mikrogramu 200 za seleni kwa siku kwa umbo la selenomethionini, lilianza 2001 na vidonge vikasimamishwa 2008 kwa kuwa saratani ya tezi dume haikupungua. Mwenye vimeng'enya vilivyokwisha kushiba hapati mlinzi wa ziada kwa kumeza zaidi. Akaniuliza, basi neli zako zina faida gani? Swali la haki. Sikumjibu vizuri.

Siku ya 29

Jeli yangu huona uzi uliochanika tu. Haioni besi iliyoharibika ikiwa uzi bado mzima, hasa guanini iliyooksidishwa. Kwa hiyo nimeanza kutumia Fpg, kimeng'enya cha ukarabati cha bakteria: hutafuta guanini mbovu na kukata uzi mahali hapo, na jeraha lililofichika linageuka ukanda wa nyuma.

Nimeimimina moja kwa moja kwenye neli za shaba na selenosistini baada ya kuzizima kwa EDTA. Matokeo mazuri ajabu. Selenosistini inaonekana kuzuia si kuchanika kwa uzi tu bali karibu guanini mbovu zote, hata kwa dozi ambazo hazikuzuia uzi usichanike. Nimechora mchoro. Nimemtumia msimamizi mchoro.

Siku ya 30

Msimamizi amejibu kwa mstari mmoja: “Fpg ina zinki. Fikiri.”

Siku ya 33

Nimefikiri, na nimejaribu. Fpg hushika DNA kwa kidole cha zinki, yaani zinki moja iliyokamatwa na sisteini nne, na sisteini ni thioli. Seleni iliyo tayari kupokea elektroni huzifuata thioli kama ilivyoifuata glutathioni kwenye neli nyekundu: huzioksidisha, zinki hudondoka, kidole hulegea. Andrea Hartwig na wenzake huko Ujerumani walichapisha jambo hilo mwaka 2004, kwa Fpg na pia kwa XPA, protini ya ukarabati ya wanyama. Selenosistini ilikuwa miongoni mwa waharibifu. Selenomethionini haikuwemo, kwa kuwa seleni yake tayari imepokea elektroni zote inazoweza na haina hamu na thioli.

Jaribio: hakuna shaba wala peroksidi. Plasmidi niliiharibu guanini zake kwa bluu ya methilini na mwanga wa taa, njia ambayo huacha uzi karibu mzima. Kisha nikaisafisha. Njia ya 1, plasmidi hiyo bila kimeng'enya: ukanda uko mbele. Njia ya 2, na Fpg: karibu yote imerudi nyuma, kama inavyotakiwa. Njia ya 3, Fpg iliyokaa kwanza na selenomethionini: sawa na ya 2. Njia ya 4, Fpg iliyokaa kwanza na selenosistini: ukanda uko mbele, mnene, safi.

Ukimwonyesha mtu njia ya 4 peke yake atasema DNA hii ni nzima. Guanini zake ni mbovu zilezile za njia ya 2. Aliyepofuka ni mkaguzi.

Nimemwandikia msimamizi aufute mchoro wa Siku ya 29. Sampuli zake bado ziko kwenye friji ya kugandisha. Kesho nazitenga upya kwa ethanoli, mara mbili, seleni itoke yote, ndipo Fpg iingie. Rafu nayo nimeipanga upya: Fpg juu kushoto, selenosistini chini kulia, na kwenye kifuniko cha Fpg fundi wetu ameandika kwa kalamu nyeusi, kwa herufi kubwa, SAFISHA KWANZA.